Tathmini ya mapengo ya ujifunzaji

Tathmini ya mapengo ya ujifunzaji ni kazi ya kupima kile ambacho mwanafunzi anakijua na kukiweza kwa sasa, ili kilinganishwe na kile alichotarajiwa kukijua katika darasa lake. Hufanyika hasa baada ya masomo kukatika kwa muda mrefu: kwa sababu ya ugonjwa wa mlipuko, vita, mafuriko, tetemeko la ardhi au mgomo wa walimu, na pia kwa sababu za mwanafunzi mwenyewe kama maradhi, kuhama, ujauzito au kazi za kuisaidia familia. Ni tofauti na mtihani wa kufunga muhula. Mtihani huuliza mwanafunzi amepata alama ngapi katika mada zilizofundishwa. Tathmini hii huuliza aanzie wapi kesho asubuhi.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lilizungumzwa na wengi baada ya shule kufungwa mwaka 2020 kutokana na UVIKO-19. Makala hii inalieleza kwa kuangalia zaidi shule za msingi za vijijini kusini mashariki mwa Tanzania, kama zile za kata ya Lionja katika wilaya ya Nachingwea na za wilaya jirani ya Ruangwa, zote mkoani Lindi.

Aina za mapengo

Neno "pengo" hutumiwa kwa mambo matatu ambayo hayafanani.

La kwanza ni kusahau. Mtoto alikuwa amejifunza kusoma maneno ya silabi tatu, akakaa miezi bila kushika kitabu, akarudi akisitasita. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba kilichosahauliwa hurudi haraka kikifundishwa tena, kuliko kilivyofundishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo pengo la aina hii huonekana kubwa siku ya kwanza na hupungua sana ndani ya wiki chache za kawaida za masomo.

La pili ni kutofundishwa. Mada iliyopangwa kwa Aprili na Mei haikufundishwa kabisa, wala haiwezi kurudi yenyewe kwa marudio. Mtoto aliyekosa kugawanya hawezi "kukumbuka" kugawanya.

La tatu ndilo linaloleta madhara zaidi, nalo ni pengo lililokuwapo tangu kabla ya likizo. Mpango wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2009 ili kupima watoto nyumbani kwao katika Tanzania, Kenya na Uganda, ulikuta katika duru yake ya kwanza nchini Tanzania kwamba ni takriban watoto 3 kati ya 10 wa Darasa la Tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Hapakuwa na UVIKO-19 wakati huo. Anayepima watoto baada ya shule kufunguliwa na kuyahesabu mapengo yote kuwa matunda ya likizo atakosea sababu, na huenda akakosea dawa pia.

Kufungwa kwa shule mwaka 2020

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ambaye wakati huo alikuwa pia mbunge wa Ruangwa, alitangaza kufungwa kwa shule zote kuanzia za awali hadi Kidato cha Sita kwa siku 30. Muda huo uliongezwa. Vyuo na Kidato cha Sita vilirudi tarehe 1 Juni, na madarasa mengine yote tarehe 29 Juni 2020. Kwa mtoto wa shule ya msingi ni siku 104, yaani karibu wiki 15, ingawa sehemu ya mwezi Juni ingekuwa likizo hata hivyo.

Katika kipindi hicho masomo yalirushwa redioni na katika televisheni, na Taasisi ya Elimu Tanzania iliweka vitabu vya kiada kwenye mtandao. Njia hizo ziliwafaa wenye umeme, simu janja na mzazi mwenye nafasi ya kukaa na mtoto. Kwa kijiji cha wakulima wa korosho na ufuta, ambako miezi ya Aprili hadi Juni ni ya kupalilia na kuvuna mazao ya chakula, nafasi hiyo ilikuwa finyu.

Shule zilipofunguliwa, wizara ilitoa kalenda mpya na kuelekeza saa za kufundisha ziongezwe kila siku ili kufidia muda uliopotea. Hatua hiyo inajibu pengo la aina ya pili tu. Inamsaidia mtoto aliyekuwa sambamba na darasa lake mwezi Machi. Kwa aliyekuwa hajui kusoma tangu Machi, saa mbili za ziada za somo asilolifuata ni saa mbili za ziada za kukaa.

Kenya ilifunga shule katikati ya Machi 2020 na kuzifungua kwa awamu: Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne tarehe 12 Oktoba 2020, na waliobaki tarehe 4 Januari 2021. Baraza la Mitihani la Kenya liliandaa majaribio kwa madarasa hayo matatu mara yaliporudi, kwa lengo la kuwaonyesha walimu walipo wanafunzi wao badala ya kuwapanga kwa nafasi. Uganda ilikwenda mbali zaidi: shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa baadhi ya madarasa, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikurudi zote hadi tarehe 10 Januari 2022. Huko wanafunzi walipandishwa darasa na mtaala ukafupishwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 wakati wa kufunga alirudi akikaribia miaka 8, na wapo waliokuwa hawajawahi kuingia Darasa la Kwanza.

Urefu wa likizo na ukubwa wa pengo

Ni rahisi kudhani kwamba wiki 15 za kufungwa huzaa pengo la wiki 15. Ushahidi haukubaliani na hesabu hiyo.

Nchini Marekani, ambako likizo ya kiangazi hudumu takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu, Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti 39 na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Kwa wastani wanafunzi walirudi nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na hesabu ilipotea zaidi kuliko kusoma. Katika kusoma, watoto wa familia zenye kipato cha kati hawakupoteza, bali wale wa familia maskini walirudi nyuma.

Mfano wa pili unatoka Pakistan, na unafaa kuangaliwa kwa makini na yeyote anayefikiri juu ya mwaka 2020. Baada ya tetemeko la ardhi la Oktoba 2005, shule za eneo lililoathirika zilifungwa kwa wastani wa wiki 14, muda unaokaribiana sana na ule wa Tanzania. Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das waliwapima watoto miaka minne baadaye. Waliokuwa wakiishi karibu na ufa wa tetemeko walikuwa nyuma kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa masomo kuliko waliokuwa mbali nao. Pengo lilikuwa limekua baada ya shule kufunguliwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba walimu waliporudi waliendelea na silabasi pale kalenda ilipowaelekeza, na watoto wakakaa katika masomo ambayo hawakuwa na msingi wake. Kila wiki iliyofuata iliongeza umbali. Watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza elimu ya msingi hawakuonyesha pengo hilo.

Tetemeko si UVIKO-19. Liliua watu, likabomoa nyumba na shule, na hofu yake inaweza kuwa imechangia. Hata hivyo somo la upimaji linabaki: wiki za kufungwa zinaweza kuhesabiwa kwenye kalenda, lakini pengo halisomwi hapo.

Kupima kusoma

Njia iliyoenea zaidi ni ya mdomo na ya mtoto mmoja mmoja. Ilipata umaarufu kupitia shirika la Pratham la India, ambalo tangu mwaka 2005 limesimamia upimaji wa watoto vijijini, na Uwezo iliichukua kutoka huko. Mtoto hupewa karatasi yenye ngazi: herufi au silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi. Mpimaji huanza katikati, kwa mfano kwenye aya. Mtoto akiisoma bila shida hupandishwa hadithi. Akikwama hushushwa kwenye maneno, kisha silabi. Ngazi ya juu aliyoiweza ndiyo kiwango chake. Hakuna asilimia wala nafasi darasani.

Kipimo kingine huhesabu maneno sahihi kwa dakika moja. Tathmini ya kitaifa ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) iliyofanyika Tanzania Bara mwaka 2013 kwa Darasa la Pili ilitumia njia hiyo, na kiwango kilichopendekezwa baadaye kwa Kiswahili ni maneno 50 kwa dakika. Kasi ina maana yake: anayesoma herufi kwa herufi hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake.

Kiswahili kina hila yake hapa. Maandishi yake hufuata matamshi, hivyo mtoto aliyeimba ba-be-bi-bo-bu vizuri anaweza kutamka karibu neno lolote bila kulielewa. Mpimaji anayesikia sauti tu atamwandika kuwa msomaji. Ndiyo maana hadithi lazima ifuatwe na maswali, na angalau moja liwe la kufikiri. Kwa mfano, aya inaweza kusema: "Mama alianika korosho uani. Alipoona mawingu meusi alimwita Hawa. Wote wawili walikimbia na magunia." Swali "Mama aliona nini?" linajibiwa kwa kunakili. Swali "Kwa nini walikimbia?" linahitaji kuelewa, maana mvua haikutajwa.

Maudhui ya aya yana uzito kuliko yanavyodhaniwa. Mtoto wa Lionja anajua korosho, mvua na uani. Akipewa aya juu ya kivuko au lifti, kipimo kitakuwa kimehama kutoka kusoma kwenda kwenye safari za mjini.

Kuandika hupimwa kwa imla fupi ya maneno na sentensi moja au mbili. Makosa yanayofaa kutazamwa ni ya mb, nd, ng, ng' na ny, ambako mtoto huacha herufi moja, na ya kuunganisha au kutenganisha maneno.

Kupima kuhesabu

Katika hesabu jibu lisilo sahihi mara nyingi husema mengi kuliko lililo sahihi, mradi mwalimu alitazame. Mtoto akipewa 52 − 27 na kuandika 35, hakubahatisha: ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa kila safu, 5 − 2 na 7 − 2, kwa sababu hajui kukopa. Anayeandika 3002 kwa "mia tatu na mbili" anaandika anavyosikia, na shida yake ni thamani ya nafasi. Wawili hao wakipewa sifuri na kuwekwa pamoja kama "dhaifu", taarifa iliyokuwa mkononi imetupwa.

Ngazi za kawaida ni kutambua namba, kulinganisha namba mbili, kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Inafaa kuongeza swali moja la mdomo la fedha. Watoto wanaotumwa dukani huweza kutoa chenji ya shilingi 1,000 kwa kichwa huku wakishindwa kuiandika kama hesabu ya kutoa. Kwa mtoto wa namna hiyo kinachokosekana ni maandishi ya hesabu, na mwalimu ana mahali pazuri pa kuanzia.

Lugha na lafudhi

Wamwera ni wengi katika Ruangwa na Nachingwea, na katika eneo hilo husikika pia Kimakonde, Kiyao na Kimakua pamoja na Kiswahili. Mtoto aliyekaa nyumbani miezi mitatu na bibi yake huenda alizungumza zaidi lugha ya nyumbani, na Kiswahili cha darasani kikapungua. Wanaoathirika zaidi ni wa elimu ya awali na Darasa la Kwanza. Mpango wa EQUIP-T, uliofanya kazi katika mikoa kadhaa ukiwamo Lindi kati ya miaka 2014 na 2020, ulikuwa na masomo ya utayari kwa watoto waliokosa elimu ya awali, yaliyojengwa juu ya hadithi na michezo ili Kiswahili kizoeleke kabla ya herufi.

Katika upimaji kanuni ni tatu. Maelekezo yanaweza kutolewa kwa lugha ya nyumbani. Kisomwacho kibaki Kiswahili. Na lafudhi isihesabiwe kuwa kosa. Anayeona "kulala" na kutamka "kurala", akaeleza kwamba ni kufanya usiku kitandani, amesoma.

Kwa wanafunzi wa sekondari tatizo hugeuka. Kidato cha Kwanza hufundishwa kwa Kiingereza baada ya miaka ya msingi kwa Kiswahili, na mwanafunzi anaweza kushindwa swali la jiografia analolijua vizuri. Maswali machache yakiulizwa kwa lugha zote mbili hutenganisha pengo la somo na pengo la lugha.

Muda, idadi na wakati wa kupima

Pingamizi la kwanza la walimu ni muda, na ni la haki. Darasa la wanafunzi 60, kila mmoja dakika 10, ni saa 10. Karatasi ya ngazi nne inaweza kumalizwa kwa dakika 5, na hapo ni saa 5, zinazogawanyika katika siku tano huku wengine wakifanya kazi ya kuandika. Imla na hesabu za maandishi hufanywa na darasa zima kwa pamoja. Upimaji wa sampuli, unaotosha kwa taarifa ya wilaya, haumfai mwalimu: sampuli haimwambii lolote juu ya mtoto ambaye hakuchaguliwa.

Kuhusu wakati, kupima siku ya kwanza huchanganya kusahau na kutojua. Walimu wengi hupima kidogo katika wiki ya kwanza ili kupanga makundi, kisha hurudia karatasi ya kiwango kilekile, yenye maneno mengine, baada ya wiki tatu au nne. Aliyepanda ngazi mbili alikuwa amesahau tu. Aliyebaki palepale ndiye anayehitaji kufundishwa upya.

Hata kabla ya karatasi kuna daftari la mahudhurio. Asiyerudi hapimwi, na jina lake likikosekana kwenye matokeo shule itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Majina ya Machi yakilinganishwa na ya Julai, mwalimu na mtendaji wa kijiji hujua waende nyumba zipi.

Baada ya kupima

Matokeo yasiyobadilisha ratiba hayana kazi. Njia inayotumika zaidi ni kuwapanga wanafunzi wa Darasa la Tatu hadi la Tano kwa kiwango badala ya darasa, kwa saa moja au mbili kila siku: wa silabi chumba kimoja, wa maneno chumba kingine, wa hadithi kingine. Saa zinazobaki kila mmoja hurudi darasani kwake. Makundi hupangwa upya kila baada ya wiki kadhaa. Kundi lisilobadilika kwa mwaka mzima huwa jina la utani.

Wazo la kumweka mtoto kwa uwezo wake si geni Tanzania. Mpango wa MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwaka 1999 kwa watoto waliokosa elimu ya msingi, uliwafundisha kwa muda mfupi na kuwaunganisha na mfumo rasmi. Waliofaulu upimaji wa Darasa la Nne waliingia Darasa la Tano bila kurudia madarasa yote yaliyotangulia.

Vikwazo ni vya kawaida. Darasa la Nne, Darasa la Saba na Kidato cha Pili vina upimaji au mitihani ya kitaifa, na shule hulinganishwa kwa matokeo hayo. Mwalimu wa Darasa la Nne anayetumia saa moja kila siku kwa silabi anajua kwamba silabi hazitaulizwa mwezi wa kumi. Tena, matokeo ya tathmini yakipelekwa juu na kurudi kama karipio, tathmini inayofuata itakuwa na majibu mazuri mno. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hushauri kwamba karatasi za mtoto zibaki shuleni, na ngazi ya kata au wilaya ipelekewe tu idadi ya watoto katika kila kiwango.

Wazazi huelezwa kwa maneno ya kawaida. "Anasoma maneno, bado hajasoma sentensi" hueleweka kuliko "amepata 42".

Wanaorudi mmoja mmoja

Siyo kila likizo ndefu ni ya taifa zima. Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurudi katika shule rasmi. Kabla ya hapo msichana mjamzito alikuwa akifukuzwa, na njia iliyobaki kwake ilikuwa elimu ya nje ya mfumo rasmi.

Kwa anayerudi peke yake hakuna darasa zima lililobaki nyuma pamoja naye, wala mtaala uliofupishwa. Mara nyingi hurudishwa darasa aliloliacha, jambo linaloweza kufaa katika hesabu na kuwa la kupoteza muda katika Kiswahili, kwa kuwa msichana aliyekaa nyumbani mwaka mzima akisoma kadi ya kliniki, ujumbe wa simu na risiti za chama cha msingi cha ushirika hakusahau kusoma. Tathmini yake hufanywa somo kwa somo, faraghani, na mwalimu asiyemuuliza habari za likizo yake. Anayesimamishwa mbele ya wadogo zake kusoma aya kwa sauti huenda asionekane wiki inayofuata.